Mbwa chotara wa bei mbaya: ni nini hasa kinachochanganywa?

Matangazo ya watoto wa mbwa yamejaa kwenye makundi ya WhatsApp ya Nairobi na Dar es Salaam, na mengi yana maneno yanayogongana yenyewe kwa yenyewe. "Chotara halisi." "Damu safi, F1." "Hapukutishi manyoya, haleti aleji, haugui ovyo." Chini yake picha ya mbwa mwenye manyoya ya kujisokota, utepe shingoni, na bei inayomshinda ng'ombe. Ukiileta mada hiyo kijiweni utasikia mambo matatu. Wa kwanza atasema huyo ni mbwa koko aliyeogeshwa vizuri. Wa pili atasema chotara ana nguvu kuliko wazazi wake, hata ng'ombe wako hivyo. Wa tatu atasema kuchanganya mbwa ni kumharibu, mbwa ni damu safi. Wote watatu wanalijua jambo nusu nusu.

Tuanze na majina, maana vurugu nyingi inaanzia hapo.

Mbwa wa nasaba, yule ambaye wengi wetu humwita mbwa wa kizungu, ni mbwa ambaye wazazi wake, babu zake na bibi zake wameandikwa kwenye daftari la ukoo, na daftari hilo limefungwa: hapandishwi ila na wa aina yake. Utaratibu huo si wa kale kama watu wanavyodhani. Kennel Club ya London ilianzishwa mwaka 1873, na American Kennel Club ikafuata mwaka 1884. Kabla ya hapo watu walikuwa na mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda, na walipandisha dume na jike kwa kuangalia kazi. Hata hao tunaowaita safi leo walianza kwa kuchanganywa. Doberman alitengenezwa mjini Apolda, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19, na mkusanya kodi aliyeitwa Karl Friedrich Louis Dobermann, kwa mchanganyiko ambao wataalamu bado wanabishania viungo vyake. Rhodesian Ridgeback, yule mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, ametokana na mbwa wa Wakhoikhoi kusini mwa Afrika waliopandishwa na mbwa wa walowezi, na sifa zake ziliandikwa rasmi mjini Bulawayo mwaka 1922. Usafi, kwa hiyo, ni habari ya lini daftari lilifungwa.

Mbwa wa kienyeji ni kitu kingine kabisa, na hapa ndipo kijiwe kinapokosea zaidi. Tumezoea kudhani kwamba mbwa wa kijijini ni mabaki ya mbwa wa wakoloni waliochanganyikana hovyo. Mwaka 2009 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Wale wa Uganda, kama wa Misri, walionekana kwa sehemu kubwa kuwa wazawa, wenye ukoo wao wenyewe. Ni katika baadhi ya maeneo ya Namibia ndipo damu ya mbwa wa nje ilipoonekana wazi. Mbwa mwekundu mwenye mkia uliopinda anayelala chini ya mwembe wa jirani, basi, huenda hana hata tone la Mzungu. Hakuna aliyempanga, ila hiyo haimfanyi kuwa mchanganyiko.

Chotara ni mtoto wa wazazi wa aina mbili zinazojulikana. Akipatikana kwa bahati mbaya, uzio ukiwa mbovu, watu humgawa bure. Akipatikana kwa mpango na akapewa jina la biashara, ndiye huyu wa bei mbaya: Labradoodle (Labrador na Poodle), Cockapoo (Cocker Spaniel na Poodle), Cavapoo (Cavalier King Charles na Poodle), Goldendoodle, Maltipoo, Pomsky na wengine wengi ambao majina yao hutungwa kwa kubandika nusu ya jina hili kwenye nusu ya jina lile. Utaona Poodle yumo karibu kila mahali. Sababu yake iko kwenye manyoya yake ya kujisokota yasiyopukutika sana, na ina historia.

Mbwa wa mama wa Hawaii

Machotara wa Poodle walikuwepo Marekani tangu katikati ya karne ya 20. Cockapoo si mtoto wa jana. Lakini biashara yenyewe iliwaka kutoka Australia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, shirika la mbwa wa kuongoza vipofu la Australia lilipata ombi kutoka Hawaii: mwanamke asiyeona alihitaji mbwa wa kumwongoza, lakini mume wake ana mzio wa manyoya ya mbwa. Kazi ikamwangukia Wally Conron, msimamizi wa uzalishaji wa mbwa wa shirika hilo. Kwanza alijaribu Poodle wakubwa, kwa muda mrefu, akaona hawafai kwa kazi ile. Mwisho akampandisha Labrador na Poodle.

Walizaliwa watoto watatu. Conron akatuma sampuli za manyoya na mate yao Hawaii, ili mume yule apimwe nazo. Mmoja tu kati ya watatu, aliyeitwa Sultan, hakumletea shida. Naomba msomaji alishike hili: watoto watatu wa tumbo moja, baba mmoja, mama mmoja, na ni mmoja tu aliyefaa. Mwanzilishi mwenyewe alijua tangu siku ya kwanza kwamba hakuna uhakika, ndiyo maana alipima kila mtoto peke yake.

Tatizo lilikuja kwa wale wawili waliobaki. Watoto wa mbwa wa kuongoza vipofu huhitaji familia za kuwalea mpaka wafikie umri wa mafunzo, na shirika lilikuwa na orodha ya familia zinazosubiri. Ila waliposikia ni mchanganyiko, hakuna aliyewataka. Kila mtu alitaka Labrador. Conron akaenda kwa watu wa habari wa shirika, akawaambia watangaze kwamba limepatikana zao jipya, Labradoodle. Simu zikaanza kulia. Watoto walikuwa wale wale, wiki ile ile. Kilichobadilika ni jina.

Mwaka 2019, akiwa mzee, Conron aliliambia shirika la utangazaji la ABC la Australia kwamba anaijutia kazi hiyo kuliko zote alizofanya maishani. Kilichomuuma ni wafugaji waliojitokeza nyuma yake wakiuza machotara bila kupima chochote, wakitegemea jina tu. Kwa maoni yangu anajibebesha mzigo usio wake wote, maana watu wangechanganya mbwa hata asingekuwepo. Lakini anachokisema kuhusu jina kuuza kuliko mbwa, hicho kakishuhudia mwenyewe.

Somo ambalo mkulima wa mahindi analijua

Ili kuelewa F1, F2 na F1B zilizoandikwa kwenye matangazo, twende shambani kwanza. Mwaka 1964 Kenya ilitoa mbegu ya mahindi chotara iliyoitwa H611, iliyopatikana Kitale kwa kuchanganya mahindi ya huko huko na mahindi yaliyotoka Ecuador. Watoto waliwazidi wazazi wote wawili kwa mavuno. Hiyo ndiyo nguvu ya uchotara, na ipo kweli. Lakini mkulima yeyote wa mbegu chotara, awe Kitale au Mbeya, anajua sehemu ya pili ya hadithi: ukiyachukua mahindi uliyovuna ukayapanda tena msimu unaofuata, shamba linavurugika. Mmea huu mrefu, ule mfupi, huu unabeba vizuri, ule hauna kitu, na mavuno yanashuka. Ndiyo maana mbegu hununuliwa dukani kila mwaka.

Kwa mbwa, F1 ndiyo mbegu ya dukani: mzazi mmoja Labrador kamili, mwingine Poodle kamili. Mbwa ana kromosomu 78, yaani jozi 39, na katika kila jozi moja hutoka kwa mama na moja kwa baba. Kila mtoto wa F1, kwa hiyo, ana nusu kamili ya huku na nusu kamili ya kule, na watoto wa tumbo moja hufanana kwa kiasi. Si kwa kufanana kabisa, maana hata Labrador wawili hawalingani kila kitu, kama tulivyoona kwa Sultan na ndugu zake.

F2 ni mtoto wa F1 wawili. Hapa karata zinachanganywa upya. Mtoto anaweza kupata vipande vingi vya Poodle kutoka pande zote mbili, au vingi vya Labrador, au mchanganyiko wowote wa katikati. Tumbo moja linaweza kutoa mbwa ambao usingeamini ni ndugu. F1B ni mtoto wa F1 aliyerudishwa kwa Poodle, na kwa wastani ana robo tatu za Poodle. Wafugaji hufanya hivyo ili kupata manyoya ya kujisokota zaidi. Vinasaba vya wale wanaoitwa Labradoodle wa Australia, ambao wamezalishwa wao kwa wao kwa vizazi kadhaa, vilichunguzwa mwaka 2020, ikaonekana kwamba kwa sehemu kubwa ni Poodle. Watu wamelipa kwa jina la nusu kwa nusu wakapata Poodle mwenye dokezo la Labrador. Si mbwa mbaya, lakini Poodle angeweza kununuliwa moja kwa moja.

Manyoya yenyewe yanaeleweka vizuri kuliko sifa nyingine zote za mbwa. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba jeni tatu tu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti tunazoziona: moja ya urefu, moja ya kujisokota, na moja ya masharubu na nyusi, yaani zile nywele ndefu za usoni zinazompa Poodle na jamaa zake sura ya kizee. Jeni hii ya tatu ndiyo inayohusika sana na kupukutika, na ni jeni tawala: nakala moja inatosha. Poodle akiwa na nakala mbili, watoto wote wa F1 watapata moja, wote watakuwa na masharubu, na wengi hawatapukutisha sana. Lakini wapandishe F1 wawili. Kwa wastani robo ya watoto hawatapata nakala hata moja. Watakuwa na uso mkavu wa Labrador na watapukutisha kama Labrador, ingawa kwenye tangazo wanaitwa Labradoodle kama ndugu zao.

Aleji haitoki kwenye manyoya

Hili ndilo dai linalouza kuliko yote, na ndilo dhaifu kuliko yote. Kinachomletea mtu mafua na macho kuwasha ni protini, na ile kuu kwa mbwa huitwa Can f 1. Inatoka kwenye mate ya mbwa na kwenye ngozi yake, inakauka, inaruka hewani pamoja na vumbi la ngozi. Manyoya ni kibebeo tu. Mbwa asiyepukutisha bado anajilamba, bado ana ngozi, bado anakulamba na wewe.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walipima vumbi la nyumba zenye mbwa wanaosemwa kuwa hawaleti aleji, wakalilinganisha na vumbi la nyumba zenye mbwa wa kawaida. Hawakuona tofauti. Mwaka uliofuata Waholanzi wakapima manyoya yenyewe ya Labradoodle, Poodle na wengine, na wakakuta Can f 1 nyingi zaidi kwa hao wanaosifiwa kuliko kwa mbwa wa kawaida. Hewani ndani ya nyumba, tofauti haikuonekana.

Hii haina maana kwamba wanaosema "mimi na huyu wangu sipigi chafya" ni waongo. Mbwa mmoja mmoja hutofautiana kwa kiasi cha protini anachotoa, na watu nao hutofautiana. Mtu anaweza kumvumilia mbwa mmoja na kuvimba macho kwa ndugu yake. Familia ya Obama, ambayo binti yao mkubwa ana mzio, ilifikiria Labradoodle kabla ya kumchukua Bo, Portuguese Water Dog, mwaka 2009, na dunia nzima ikaamini kwamba siri iko kwenye aina. Ukiwa na mzio, kaa na mbwa yule yule unayetaka kumchukua, zaidi ya mara moja, tena chumbani. Mtoto wa wiki sita hakuambii mengi, maana manyoya yake ya ukubwani bado hayajaota.

Kuna na gharama ambayo tangazo haliitaji. Manyoya yaliyokufa yasipodondoka sakafuni yanakwenda wapi? Yanabaki ndani ya msokoto, yanashikana na yaliyo hai. Kwa juu mbwa anaonekana nadhifu, anapigwa picha. Ingiza vidole nyuma ya sikio, au kwapani, au pale ukanda wa shingoni unapokaa: utakutana na bonge gumu lililoshika hadi kwenye ngozi, chanuo haliingii. Ukilivuta mbwa anang'ata, na ana haki. Chini yake ngozi imekuwa nyekundu, ina unyevu, na kwa joto la Mombasa huanza kunuka. Kupe naye akipata maficho hayo haonekani mpaka ashibe. Hapo kinachofuata ni mashine ya kunyolea, na mbwa wa bei mbaya anarudi nyumbani upara. Mbwa wa namna hii huchanwa mpaka kwenye shina la unywele, mara kadhaa kwa wiki, na kunyolewa kila baada ya wiki chache maisha yake yote.

Haugui ovyo?

Nguvu ya uchotara tumeikubali. Sasa tuone inapofikia.

Magonjwa mengi ya kurithi ya mbwa hubebwa na jeni fiche: mbwa huugua akiwa na nakala mbili mbovu, moja ya baba na moja ya mama. Akiwa na moja tu, ni mzima, ila anaibeba. Daftari likifungwa na mbwa wale wale wakipandishwa wao kwa wao, nakala mbovu hukutana mara nyingi. Ukimleta mzazi wa aina nyingine ambaye hana nakala ile, watoto wote wanakuwa wazima. Hii ndiyo faida halisi ya kuchanganya, na anayeikana hajui anachokisema.

Ila inategemea sharti moja: wazazi wasiwe na tatizo lile lile. Na Labrador na Poodle wanalo. Aina zote mbili zina ugonjwa wa retina unaomaliza nuru ya macho pole pole mpaka upofu, na kosa la jeni ni moja kwa wote. Labrador mbebaji na Poodle mbebaji, wote wakiwa na macho mazima kabisa, wanatoa mtoto kipofu kwa uwezekano wa mmoja kati ya wanne, na huo uchotara haumsaidii kitu. Nyonga zilizokaa vibaya ziko kwa wote wawili pia. Maltese na Poodle mdogo wote wana tabia ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, kuteguka, basi Maltipoo ataikwepa vipi? Cavalier ana ugonjwa wa vali ya moyo unaojulikana dunia nzima; Cavapoo anaanza maisha akiwa na nusu ya urithi huo.

Takwimu zinasema hivyo hivyo. Chuo Kikuu cha California, Davis, kilipitia kumbukumbu za hospitali yake ya wanyama na mwaka 2013 kikatoa matokeo ya zaidi ya mbwa 27,000 waliougua magonjwa 24 ya kurithi. Kwa magonjwa 10, mbwa wa nasaba waliathirika zaidi. Kwa mmoja, kukatika kwa mshipa wa goti, waliochanganyika ndio walioathirika zaidi. Kwa 13 yaliyobaki hapakuwa na tofauti. Halafu mwaka 2024 chuo cha udaktari wa mifugo cha Royal Veterinary College, Uingereza, kikawageukia hasa machotara wa mtindo: Cockapoo, Labradoodle na Cavapoo, wakilinganishwa na aina za wazazi wao, mbwa zaidi ya 9,000, magonjwa 57 ya kawaida. Katika karibu asilimia 87 ya ulinganisho, hakukuwa na tofauti. Kilichobaki kiligawanyika karibu sawa, huku chotara akiwa na nafuu, huku akiwa na zaidi.

Yule wa kijiweni anayesema kuchanganya ni kumharibu mbwa amekosea, basi, na yule anayesema chotara haugui amekosea vile vile. Na hakuna kati ya hao atakayeepuka parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, kwa ajili ya ukoo wake. Chanjo ni ile ile, ya kichaa cha mbwa ikiwa ya kwanza, iwe ni Cavapoo wa mtaa wa Karen, Nairobi, au mbwa wa kienyeji wa Bagamoyo.

Kuhusu tabia nitapita haraka. Huku kwetu watu hupandisha German Shepherd na mbwa wa kienyeji wakitafuta "ukali wa Mjerumani na ugumu wa hapa". Wakati mwingine wanabahatika. Lakini uchunguzi uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2022, uliokusanya maelezo ya zaidi ya mbwa 18,000, ulikuta kwamba aina ya mbwa inaeleza asilimia 9 tu hivi ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Usipomlea, sikio lake hata likisimama vipi halitalinda geti.

Kuchanganya kunapoponya

Kuna habari mbili ambazo wauza machotara hawazisimulii, na wapenda damu safi hawazipendi.

Dalmatian, mbwa mweupe wa madoa meusi, ana kasoro ambayo katika ukoo wa daftari ilikuwa kwa kila mmoja wao: mwili wake haushughulikii vizuri asidi ya yuriki, ikajaa kwenye mkojo, na wengine, hasa madume, hupata mawe kwenye kibofu. Ukiwa na aina ambayo wote wana nakala mbili mbovu, huwezi kuchagua wazima uwapandishe, maana wazima hawapo. Mwaka 1973 mtaalamu wa urithi Robert Schaible alimpandisha Dalmatian na Pointer, mbwa wa kuwindia, mara moja tu. Nakala nzima ya jeni ile ni tawala, moja inatosha. Akawachukua watoto wenye nakala hiyo, akawarudisha kwa Dalmatian, na watoto wao tena kwa Dalmatian, kizazi baada ya kizazi, mpaka Pointer akabaki jina tu, isipokuwa ile jeni moja. Mbwa waliopatikana walikuwa Dalmatian kwa kila jicho, na mkojo wao wa kawaida. Klabu ya Dalmatian ya Marekani ilibishana juu yao miongo mitatu hivi. Uingereza ilikubali kuwaandikisha mwaka 2010, Marekani mwaka 2011. Hoja mojawapo ya wapinzani ilikuwa kwamba madoa yao hayakukaa sawa.

Ya pili inatoka Congo. Basenji, mbwa wa kuwindia wa misitu ya huko, asiyebweka kama wengine na ambaye jike lake hupata joto mara moja kwa mwaka, alipelekwa Uingereza miaka ya 1930. Mbwa wachache mno ndio waliokuwa mzizi wa Basenji wote wa Ulaya na Marekani, na kadiri walivyopandishwa wao kwa wao magonjwa yakajikusanya, baya zaidi likiwa tatizo la figo liitwalo Fanconi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Kimarekani walirudi Zaire, wakaingia vijijini, wakachukua mbwa wa wenyeji. Mwaka 1990 daftari la American Kennel Club lilifunguliwa kuwaingiza. Mbwa wa kijiji cha Congo, ambao pengine hakuna aliyekuwa tayari kuwanunua mjini Kinshasa, ndio waliokwenda kuongeza damu kwa jamaa zao wenye vyeti.

Katika habari zote mbili kulikuwa na tatizo linalojulikana kwa jina, mzazi aliyechaguliwa kwa sababu hana tatizo hilo, na vizazi vya kupima. Machotara wengi wa sokoni hawana hata kimoja kati ya hivyo.

Ukienda kununua

Mbwa wa nasaba mwenye karatasi anaweza kufuatiliwa. Nairobi kuna East Africa Kennel Club inayoandikisha. Chotara hana daftari, kwa hiyo kinachobaki ni wazazi wake. Waone wote wawili, au angalau mama akiwa na watoto wake. Uingereza kwenyewe, tangu Aprili 2020, sheria ya England inakataza dalali kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita, lengo moja likiwa mnunuzi aonane na mama. Uliza kipimo cha jeni cha macho cha wazazi, na picha ya eksirei ya nyonga kama ni mbwa wakubwa. Muuzaji akisema ni chotara na hivyo hahitaji kupimwa, umeshajua habari ya Labrador na Poodle. Cheti cha chanjo chenye muhuri wa daktari wa mifugo hakichukui nafasi ya hivyo vipimo. Kinaonyesha kwamba mtoto amechomwa sindano.

Halafu uliza kizazi. Akikwambia baba na mama wote ni F1, na tumbo lina watoto wanane, tegemea kwamba wawili hivi watakuwa na uso mkavu na watapukutisha. Usiwachague wakiwa wachanga, wakati wote wanafanana. Rudi wakifika wiki ya nane, uwashike mmoja mmoja, uangalie juu ya pua, katikati ya macho: mwenye masharubu atakuwa ameanza kuota vinywele virefu vilivyosimama ovyo hapo. Ambaye pua yake ni laini mpaka kwenye paji, huyo muuzaji atakuuzia kwa bei ile ile, na kwa jina lile lile, kama hukuangalia.